Mafundi tupo. Acheni kututangazia kwamba nchi haina wenye ujuzi

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki hii nimemsikia tena mkubwa mmoja redioni akisema miradi inalazimika kuleta mafundi kutoka nje kwa sababu vijana wetu hawana ujuzi. Nilikuwa kazini kwangu Buguruni, Dar es Salaam, chini ya turubai, mashine inaunguruma. Nikaizima nimsikilize vizuri. Hakutaja hata mara moja kwa nini hawana.

Nina miaka 19 kwenye kuchomelea. Nilianzia Gerezani, mtaa wa mafundi vyuma hapahapa Dar, dogo wa kuokota vipande vya vyuma na kushika nondo wakati fundi anachoma. Rodi ya kwanza, ile fimbo ya chuma inayoyeyuka kuunganisha vyuma, nilipewa baada ya miezi saba. Tangu hapo nimechomelea mageti, bodi za Fuso, matela, matanki, mabomba ya mvuke viwandani.

Miaka kadhaa nyuma kampuni moja ya kandarasi, sitaitaja, ilitafuta wachomeleaji wa mabomba. Tulikwenda watu kama 30. Mtihani ulikuwa 6G. Kwa wasioujua: bomba linafungwa likiwa limeinama nyuzi 45 na halizungushwi. Wewe ndiye unayelizunguka, unachoma ukiwa umelala, umechuchumaa, umeinua shingo, na mkono hautakiwi kutetemeka. Kisha wanalipiga eksirei, au wanakata vipande na kuvikunja waone kama vitapasuka. Tundu dogo tu kwenye pasi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa kuchomelea, linaweza kukuangusha.

Tulifaulu wanne. Msimamizi wa mtihani, mzee mmoja wa Kifilipino, alinishika bega akaniuliza nimesoma wapi. Nikamjibu Gerezani. Akaandika kwenye fomu, akidhani ni chuo.

Kesho yake ofisi ya ajira ikataka cheti cha chuo. Sikuwa nacho. Jina langu lilikatwa mbele ya macho yangu, na karatasi ya matokeo ya mtihani niliofaulu iko mezani hapohapo. Wiki chache baadaye mwenzangu aliyebaki akaniambia wameletwa wachomeleaji 11 kwa ndege.

Simlaumu aliyekuja kwa ndege. Naye anatafuta riziki ya watoto wake, na yule mzee alinifundisha jambo la kushika tochi ya argoni, ile ya kuchomelea kwa gesi, ambalo nalitumia mpaka leo. Ninaowalaumu ni wetu, wanaotunga masharti kisha wanashangaa hakuna anayeyafikia.

Najua atatokea mtu aseme "si ungeenda VETA wakurasimishie ujuzi wako?" Nilikwenda kwenye mamlaka hiyo ya ufundi stadi. Utaratibu upo na ni mzuri: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, palipopungua anafundishwa kwa muda mfupi, anapewa cheti. Ninacho na ninakiheshimu. Wangefanya hivyo kwa kila fundi wa Gerezani, Keko na Buguruni ningewashukuru. Lakini mradi mkubwa haukiangalii hicho peke yake. Unataka mtihani wa kimataifa wa wachomeleaji, ISO 9606, au ule wa Wamarekani wa ASME, uliosimamiwa na mkaguzi anayetambulika. Fundi wa turubai hana uwezo wa kuulipia, na karibu yake hakuna pa kufanyia mazoezi.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wakubwa hawalisemi kabisa. Mtihani ule haudumu. Ukikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia uliyopimwa, ithibati yako inakufa, unaanza upya. Sasa fikirini. Mradi unakuja, unapima vijana, wanafaulu, wanafanya kazi nzuri. Mradi unaisha. Wanarudi mtaani kuchomelea madirisha. Miezi sita inapita. Mradi mwingine unakuja, unauliza mafundi wenye vyeti hai, unaambiwa hakuna. Kisha mtu anakwenda redioni kusema nchi ina uhaba! Watu ni walewale, wako hai, wana macho na mikono ileile. Hivi gharama ya kuwa na vituo vichache, Tanga, Mwanza, Dodoma, vya kuwaweka hawa mafundi kwenye mazoezi na kuwapima kila baada ya muda inaweza kufikia gharama ya kuleta watu kutoka ng'ambo mradi baada ya mradi?

Msiseme pia kwamba tulishtukizwa. Makubaliano ya bomba la mafuta kati yetu na Uganda yalisainiwa Mei 2017. Kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, 1,147 kati ya hizo ziko kwenye ardhi yetu. Hayo ni makumi ya maelfu ya maungio ya bomba, na kila moja linahitaji mkono wa mtu au mtu wa kusimamia mashine. Reli ya SGR na Bwawa la Nyerere navyo havikudondoka usiku mmoja. Mchomeleaji wa bomba anaiva kwa miaka miwili mitatu akishikwa mkono vizuri. Muda tulikuwa nao.

Kuna hili la vyuo, nalo linaniuma zaidi kwa sababu ni pesa yangu. Mtoto wa dada yangu nilimlipia miaka miwili kwenye chuo kimoja cha ufundi. Darasa la vijana zaidi ya 40, mashine zinazofanya kazi tatu. Rodi wanagawiwa kwa kuhesabu. Kuna wiki alikuwa anachoma rodi mbili tu, siku nyingine zote anachora mashine kwenye daftari. Amerudi na cheti safi, nikampa kipande cha bomba, akaniangalia akaniambia, "Mjomba, hii hatukuigusa." Machozi yalimlenga. Mimi nina mkono sina karatasi wanayoitaka, yeye ana karatasi hana mkono, na wote wawili tumekaa chini ya turubai moja. Ni kijana mwelewa, ndani ya mwaka mmoja na mimi ameiva. Mwaka mmoja wa rodi nilizonunua mwenyewe.

Pesa ya mafunzo inakatwa, wakuu. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, iliyokuwa asilimia 6 na sasa, tangu 2023, ni 3.5. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya tozo hiyo ndiyo imekuwa fungu la VETA, theluthi mbili zikielekezwa kwingine. Mwajiri akilalamika kwamba analipia mafunzo na bado hapati fundi, mimi namwelewa.

Zamani tulikuwa na sekondari za ufundi zinazoeleweka: Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga, Mtwara, Bwiru. Wazee waliotoka pale na waliopita Dar Technical kabla haijawa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, mwaka 1997 ndio waliotufundisha wengi wetu Gerezani. Sasa tumeletewa mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, sekondari. Nauunga mkono kwa moyo wote, lakini naomba mtu anionyeshe karakana zake. Amali bila mashine ni somo la kukariri kama mengine. Ujerumani, ambao wenyewe wamepungukiwa na wafanyakazi hadi Septemba 2024 wakasaini makubaliano na Kenya ya kupata wafanyakazi, kijana anachukuliwa na mwajiri kwanza, siku nyingi za wiki yuko karakanani na analipwa, siku chache yuko darasani. Sisi mwanafunzi akitafuta nafasi ya mafunzo kazini anazunguka na barua mpaka soli inaisha, na akipata anatumwa chai.

Mwisho nije kwenye vibali. Sheria Na. 1 ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri anayeleta mtaalamu kutoka nje awe na mpango wa urithishaji, yaani aonyeshe Mtanzania atakavyofundishwa kazi hiyo mpaka aishike. Sheria nzuri sana. Nimewahi kukutana na kijana aliyeandikwa kwenye mpango kama huo. Nilipomuuliza amejifunza nini kwa mwaka mzima, akanijibu kwamba anabeba grainda na kufuta vumbi kwenye bomba kabla mgeni hajachoma. Hakuwa amechomelea ungio hata moja. Hakujua kuwa jina lake limeandikwa popote, mimi ndiye niliyemwambia baada ya kuonyeshwa karatasi na mwenzake wa ofisini.

Kwa hiyo kama humu yupo mtu wa idara ya kazi anayeidhinisha vibali hivyo, naomba anijibu hapahapa bila kuzunguka: kibali kinapoletwa kuongezwa muda, huwa mnamwita yule Mtanzania wa kwenye mpango, mnampa rodi na bomba, mkaona anachoweza?