Mrejesho: Kibaraza cha vioo Njombe kimesimama

Wakuu, asanteni sana. Mwezi wa tatu niliuliza kama naweza kuezeka kibaraza cha nyuma kwa kioo cha kawaida cha milimita 6 juu ya mbao za mbili kwa nne, ili mama apate pa kuota jua wakati wa baridi.

Mliniambia nipige kwanza hesabu ya uzito. Kioo hicho ni kilo 15 kwa kila mita ya mraba, na kikipasuka kinashuka vipande virefu kama visu. Nisingeweza kumketisha mama chini yake. Paa nimeweka polikaboneti, yaani shiti za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya milimita 10, ile yenye uwazi katikati, isiyofika hata kilo 2 kwa mita ya mraba. Fundi alianza kutoboa matundu yanayobana skrubu, nikamsimamisha: shiti hutanuka juani, tundu lisipokuwa pana kidogo shiti linajipinda. Kuta ni vioo vya tempa, yaani vilivyoimarishwa kwa joto, ambavyo vikivunjika vinakuwa punje.

Mbao ni paini ya hapa hapa, iliyotiwa dawa, mbili kwa sita. Moja ilikuwa mbichi, ikajipinda hadi kioo kikakataa kuingia, nimeibadilisha. Nguzo hazigusi sakafu, zimekaa kwenye vyuma vilivyozamishwa kwenye zege.

Saa nane mchana joto linazidi, kwa hiyo naongeza madirisha ya juu.

Leo asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Mama alikuwa ndani, kanga tu mabegani, anachambua maharage.