Nembo ya mfululizo wa vitabu vya parachichi: niipeleke kwa mpiga chapa hivi ilivyo?

mkulima_tukuyu
Wakuu, habari za leo. Nachapisha mwenyewe vitabu vitatu vya kilimo cha parachichi: cha kitalu, cha shamba na cha soko. Saizi ni A5, kurasa 160 kila kimoja, karatasi ya gramu 80, mgongo wa gundi. Nembo ya mfululizo nimechorewa Mwanjelwa: Mlima Rungwe, jua linachomoza, parachichi lililokatwa, kitabu kilichofunguliwa, na jina limezunguka duara. Faili ni JPEG. Kwenye simu inapendeza sana. Inatosha, au kuna cha kurekebisha?

jalada_iringa
Haitoshi, mkuu. Kurasa 160 ni karatasi 80. Gramu 80 ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo wa kitabu ni milimita 8 hivi. Ukiacha nafasi pembeni, nembo inabakiwa na milimita 5 au 6. Hapo mlima unakuwa doa, na yale maandishi ya duara wino unayaziba kabisa.

Nenda steshenari yoyote, ichape kwa upana huo huo, nyeusi tupu, halafu karatasi hiyo itolewe fotokopi. Kisichoonekana kwenye fotokopi kitoe. Mimi ningebakiza parachichi peke yake, umbo la nje na kokwa. Rungwe ukiupenda mno, kokwa lichongwe juu liwe na kilele, basi. Kitabu kilichofunguliwa hakina kazi; mtu ameshika kitabu tayari. Jina la mfululizo likae nje ya alama, kwa mstari ulionyooka.

Kuhusu JPEG: mwambie mchoraji akupe faili la vekta (mchoro usioharibika hata ukikuzwa), SVG au PDF. Ila ukweli ni kwamba wengine hubandika picha ileile ndani ya PDF. Likuze mara kumi. Kingo zikitoka ngazi-ngazi, ujue si vekta. Inkscape, programu ya kuchorea vekta, ni ya bure, na umbo la parachichi halimshindi mtu kulichora upya.

wino_na_karatasi
Naongezea rangi, maana ndipo ugomvi na wapiga chapa huanzia. Kijani kinachong'aa kwenye simu ni RGB, yaani rangi za mwanga wa kioo. Mtambo unachapa kwa CMYK, yaani wino nne (samawati, majenta, njano na nyeusi), na haufiki huko, kinatoka kimefifia. Chagua kijani chako ndani ya CMYK tangu mwanzo, andika namba zake nne, zitumike kwenye vitabu vyote vitatu. Maandishi madogo meusi yawe K 100 pekee, yaani wino mweusi mtupu. Yakichanganywa rangi nne, sahani moja ya kuchapia ikihama kidogo tu herufi zinapata kivuli.

Vipimo vya jalada lote likiwa wazi: 148 + 8 + 148 = 304. Ongeza milimita 3 za kukatia kila upande, unapata 310 kwa 216 (urefu wa A5 ni 210). Picha ziwe dpi 300 (nukta kwa inchi). Lakini ile 8 usiiamini mpaka umepata karatasi yenyewe itakayotumika: bana karatasi 80 upime. Na usiweke rangi moja kwenye mgongo na nyingine kwenye uso zikutane mkunjoni. Mkunjo ukihama milimita moja, kosa linaonekana duka zima.

mkulima_tukuyu
Ndaga fijo, wakuu. Je, hilo parachichi nikilichukua Canva, ile programu ya usanifu ya mtandaoni? Na vitabu vitofautiane vipi?

jalada_iringa
La Canva unaweza kulitumia kwenye jalada, ila kama nembo halifai: mchoro ule kila mtu anao, na masharti yao hayaruhusu kusajili alama ya biashara yenye michoro ya maktaba yao. Ukitaka kwenda BRELA (wanaosajili alama za biashara) siku moja, chora chako.

Kutofautisha, badilisha rangi ya usuli na kichwa tu. Fonti, mahali pa jina lako na urefu wa nembo kutoka chini ya mgongo visiguswe, ili vikipangwa rafuni nembo zikae mstari mmoja.

wino_na_karatasi
Kila kitabu kina ISBN yake (namba ya utambulisho wa kitabu), inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba. Ile mistari yake ya kusomwa na skana, saizi kamili ni karibu milimita 37 kwa 26. Usishuke chini ya asilimia 80. Iwe nyeusi juu ya nyeupe. Usiipake nyekundu ili ifanane na jalada, skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, mistari hiyo hazitaiona.

Laminesheni (utando wa plastiki): jalada linapakwa upande wa nje tu, na masika ya Tukuyu unayajua. Upande wa ndani unavuta unyevu, jalada linajikunja kwa nje. Waulize kama nyuzi za karatasi ya jalada zinafuata mgongo. Zikikatiza, jalada linakunjika vibaya mgongoni na linaweza kupasuka. Na faili ukilituma WhatsApp, litume kama dokumenti, si kama picha. Kisha dai prufu (nakala ya majaribio) ya karatasi kabla mtambo haujawashwa.