Babu mhunzi wa Ugweno aliyekuwa askari: alikuwa wa Mjerumani au wa KAR?

Mjukuu wa Ugweno

Ndugu wasomaji, naomba msaada wa kufuatilia maisha ya babu yake baba yangu, aliyezaliwa Ugweno, Upare ya Kaskazini, katika ukoo wa Washana, na ambaye wazee wote wanakubaliana kwamba alikuwa mhunzi kabla ya kuingia jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuhusu uhunzi hakuna anayebisha, kwani nyundo na koleo lake tunavyo hadi leo, na mvua kubwa ikinyesha huibuka mavi ya chuma nyuma ya nyumba. Ugomvi uko kwenye uaskari. Babu zangu wanasema alipigana chini ya Mjerumani, ilhali shangazi anashikilia kwamba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) na kwamba medali aliyoiacha ni ya Mwingereza. Mwaka jana mabishano hayo nusura yavuruge matanga. Nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, kabla hamjaendelea kugombana, fahamuni kwamba pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, kisha wakateremka wakiifuata reli ya Tanga kando ya milima yenu, na askari wengi wa Mjerumani walitekwa au waliacha jeshi kadiri kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, alivyozidi kurudi kusini. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha KAR, na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa hao hao waliokuwa askari wa Mjerumani. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuvaa sare mbili katika vita vimoja bila kuonekana msaliti, maana kwa wengi uaskari ulikuwa kazi ya mshahara.

Waulize wazee walimwita kwa cheo gani. Katika jeshi la Mjerumani vyeo vya Waafrika vilitokana na Kituruki na Kiarabu cha Misri: ombasha, shaushi, betshaushi. Wakikumbuka koplo au sajini, hapo mnanusa KAR. Neno efendi lisiwadanganye, kwa sababu lilitumika pande zote mbili, na ndilo lililotuachia "afande" wa leo. Uliza pia, kwa adabu, kama kweli alishika bunduki. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari kwa mbali, na familia nyingi zilimpandisha mpagazi cheo baada ya kufa kwake.

Mvukuto

Mimi ningeanza na uhunzi, kwa sababu ndio wenye mizizi. Washana ndio ukoo wa wahunzi, na kwa mapokeo ya Ugweno ndio waliotawala huko kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Walichota mchanga wa chuma kwenye vijito, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, na chuma chao kilivuka hadi kwa Wachaga. Uhunzi ulirithiwa ndani ya ukoo kwa masharti na miiko, hivyo aliyemfundisha babu yenu huenda alikuwa baba yake au baba yake mdogo, na hapo mnapata kizazi kingine cha kutafuta. Muulizeni mzee wa ukoo alipitia mshitu, yaani jando la Wapare, pamoja na akina nani. Rika lake litawakaribisha kwenye mwaka wa kuzaliwa kuliko karatasi yoyote.

Pia Wamisionari wa Leipzig walikuwa Shigatini tangu 1900. Hata kama yeye hakubatizwa, watoto wake wakibatizwa jina la baba liliandikwa kwenye kitabu cha ubatizo.

Mpekuzi wa Nyaraka

Naongeza tahadhari ya gharama: usimlipe mtu anayekuahidi faili la askari kutoka Ujerumani. Hifadhi ya jeshi pale Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945, na majina ya askari wa kawaida wa Kiafrika yaliyosalia ni machache mno. Nyaraka za utawala wa Mjerumani zilizopo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinafaa zaidi kwa habari za wilaya, kodi na kazi, lakini utafute kwa tahajia yao: Ugueno, Waschana, Schigatini. Niliwahi kupoteza siku mbili nzima kwa kuandika "sh" kama tunavyoandika sisi.

Kuhusu medali, mmeigeuza mkaitazama ubavuni? Medali ya fedha ya Uingereza ya vita vile ilichorwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mwenyewe.

Mjukuu wa Ugweno

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimempigia shangazi jana usiku. Bila kudokezwa, amesema mama yake alimwita mkwewe "Ombasha" mpaka anazikwa, kisha akanyamaza kidogo, maana yeye ndiye anayetetea KAR. Medali iko kwa binamu yetu Moshi, na hakuna aliyewahi kuuangalia ukingo wake. Nitakwenda Jumamosi.

Mpekuzi wa Nyaraka

Basi mpigie binamu leo hii umwambie asiisugue kwa majivu wala ndimu ili ing'ae kabla hujafika. Najua watu wa ukoo wa wahunzi hawavumilii kuona kitu cha madini kimechujuka, lakini fedha ni laini, na herufi hizo zikishafutika hazirudi. Ipige picha mwanga ukitokea ubavuni, ukingo wote, hata pale unapodhani ni mikwaruzo tu.