Oili ya trekta kuukuu imekuwa kama maziwa: UTTO, ISO 68 au SAE 90?

PlauTatu
Wakuu, nisaidieni kuchagua. Trekta ni Massey Ferguson 135 na oili ya haidroliki imegeuka nyeupe, nadhani imeingia maji. Giaboksi, difu na pampu vyote vinaogelea kwenye oili moja. Dukani kuna UTTO (oili moja ya trekta kwa gia, haidroliki na breki), oili tupu ya haidroliki ISO 68, na SAE 90 ya gia. UTTO ndiyo ghali. Tofauti ipo kweli au tunalipia kopo?

Spana19
ISO 68 itoe kwenye orodha. Hiyo ni ya mitambo ambayo pampu na silinda vina tangi lao peke yao. Mikono ya nyuma ya kubebea jembe itanyanyua vizuri tu, hutaona ubaya wowote mwanzoni. Lakini meno ya difu yanasagana kwa mgandamizo mkubwa, na oili ile haikutiwa dawa ya kuyalinda. Utakuja kuokota vyuma kwenye bolti ya kumwagia.

FundiDifu
SAE 90 ina shida ya upande wa pili. Pampu ya 135 imezama ndani ya oili na inavuta kupitia chujio la wavu. Kukiwa na baridi, oili nzito haipiti upesi, pampu inanyimwa oili, inapiga kelele na mikono inapanda kwa kushtukashtuka. Ila tuseme haki: vitabu vya matrekta mengi ya zamani viliruhusu SAE 80 au 90, kwa hiyo kwenye joto na bila Multi-Power (kibadilisha mwendo cha haidroliki kilichomo kwenye baadhi ya 135) inafanya kazi. Ukiichukua, soma kopo: iwe ya daraja la GL-4. GL-5 ina salfa na fosforasi nyingi zaidi, na baadhi yake oili ikichemka hula bushi za shaba na bronzi. Yenye Multi-Power usiiwekee SAE 90 kabisa, ile klachi yake ya ndani inataka oili nyepesi.

Jembe_Kavu
UTTO, lakini si kila kopo lenye picha ya trekta. Kimbia lililoandikwa "303" peke yake. Hiyo ilikuwa oili ya John Deere yenye mafuta ya nyangumi, ikaachwa miaka ya 1970. Leo namba hiyo haithibitishi ubora wowote. Tafuta J20C (kiwango cha John Deere), M1143 au M1145 (vya Massey Ferguson) mgongoni mwa kopo.

PlauTatu
Na breki je? Nasikia UTTO ni kwa ajili ya breki.

Spana19
Ni kwa zile breki zinazozama kwenye oili. Huko ukiweka ISO 68 zinalia na kukamata kwa mtetemo. 135 ina breki za ngoma, kavu. Kwako faida ya UTTO ni gia na pampu kupata haki zao kwa pamoja.

FundiDifu
Haya, kazi yenyewe, maana wengi wanaharibia hapa. Kwanza fungua kizibo cha kujazia kabla hujagusa cha chini. Kikiwa kimeganda utabaki na trekta tupu. Tembeza trekta mpaka oili ipate moto, simama kwenye tambarare, shusha mikono mpaka chini ili oili ya kwenye silinda irudi. Bolti za kumwagia ni zaidi ya moja, fungua zote, ya giaboksi na za chini ya pampu. Acha idondoke usiku kucha. Ute wa kijivu kwenye bolti ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

Fungua kifuniko cha ubavuni, toa chujio la wavu, lioshe kwa diseli, rudisha na oringi na gasketi mpya. Oringi kuukuu inaingiza hewa na oili inatoa povu. Usijaze diseli ndani na kuendesha ili "kusafisha". Pampu inasagika kwa sababu diseli hailainishi.

Andaa lita 40, ila mwamuzi ni kijiti cha kupimia. Jaza polepole, subiri dakika 15, kwa sababu oili inachelewa kuvuka kutoka giaboksi kwenda nyuma. Washa, ingiza lever ya PTO, ile shafti ya nyuma ya kuzungusha zana (bila hiyo pampu haizunguki), nyanyua na kushusha mara kumi bila mzigo, kisha pima tena mikono ikiwa chini.

Jembe_Kavu
Nyongeza: baada ya saa chache itapauka tena kidogo, kwa sababu maji hubaki kwenye pembe za difu. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza weka UTTO ya bei nafuu, imwage, ndipo uweke nzuri. Na kabla ya yote badilisha mpira unaofunika shina la mguu wa gia. Ukipasuka, kila mvua inaingia hapo. Kukagua oili kama bado ina maji, dondoshea tone kwenye bati la moto: likichacharika, maji yapo.

PlauTatu
Mpira wa gia umepasuka kweli, nimetoka kuuangalia sasa hivi. Naanzia hapo.