Naomba ushauri: nataka kufundisha mbwa bila fimbo, kuna soko Dar?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina diploma ya afya ya mifugo, nauza dawa za mifugo Tegeta. Kila mara wateja huniuliza habari za mbwa anayeng'ata hovyo. Ukichunguza, wengi wamemfunga mnyororo mchana kutwa na wanamchapa ili awe mkali, kisha wanashangaa kamrukia mtoto wa nyumbani. Mbwa aliyezoea kipigo hung'ata kwa woga.

Mimi nataka kutumia zawadi: akipatia, papo hapo kipande cha nyama. Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu waende Morogoro, pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), wakaone shirika la APOPO linavyofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa kamlio kadogo kanakowaambia wamepatia, kisha ndizi. Panya, jamani!

(Mama hataki hata kusikia, kwake mbwa ni najisi. Huyo niachieni.)

Nianze na kozi ya mtandaoni au nijishikize kwanza kwa daktari wa mifugo? Nitoze kwa saa au kwa mwezi? Na mteja aking'ang'ania nimchape mbwa wake, nimjibuje bila kumpoteza?