Programu za bure za sataranji: tuzitumieje ili tuendelee kimchezo?

Mwalimu wa Bweni

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika Nyanda za Juu Kusini, na tangu mwaka jana ninasimamia klabu ya sataranji yenye wanafunzi 14, mbao tano na kompyuta tatu za zamani ambazo hupata intaneti pale tu ninapoziunganisha na bando la simu yangu. Karibu nasi hakuna mchezaji hodari wa kutufundisha, kwa hiyo tumaini langu lote lilikuwa kwenye kompyuta.

Mambo mawili yamenikwamisha. Kwanza, nilisoma kwamba programu ya sataranji iitwayo Stockfish ina nguvu kuliko mchezaji yeyote duniani na kwamba haiuzwi, nikaipakua. Lakini nilipoifungua kilitokea kidirisha cheusi chenye mstari wa maandishi, bila ubao wala kete. Kwenye kompyuta ya pili haikufunguka kabisa.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Kwenye simu nina programu nyingine ya sataranji, na kwa mwezi mzima nimecheza nayo kila usiku baada ya kusahihisha madaftari. Nikiiweka kiwango cha juu nafungwa kabla ya hatua ya 25. Nikiishusha, inacheza vizuri hatua kumi, kisha inaniachia malkia bure, nami nashinda bila kujua nimefanya jambo gani la maana. Wanafunzi wakiniuliza kwa nini hatua fulani ni mbaya, ninachoweza ni kuwasomea namba iliyoandikwa na kompyuta kupima nani yuko mbele, na naona nyusoni mwao kwamba namba hiyo haijawaambia kitu. Naomba mwenye uzoefu anielekeze pa kuanzia.

Fundi wa Mtaa wa Pili

Shikamoo Mwalimu.

Hukukosea popote. Stockfish ni injini tu, sawa na injini ya gari iliyowekwa chini gereji bila bodi wala usukani. Kazi yake ni kupokea nafasi ya kete na kujibu kwa hatua, na hufanya hivyo kwa maandishi, kwa kufuata utaratibu wa mawasiliano uitwao UCI ambao ulitolewa mwaka 2000. Ubao unaouona kwa macho huletwa na programu nyingine. Kwa kompyuta za Windows ninapendekeza Lucas Chess, ambayo ni ya bure, huja na injini nyingi za viwango mbalimbali, kuanzia dhaifu kabisa hadi Stockfish yenyewe, na ina mazoezi mengi yasiyohitaji intaneti. Kwa simu za Android ipo DroidFish, ambayo ndani yake imo Stockfish, nayo pia hufanya kazi bila bando.

Kuhusu kompyuta iliyokataa, karibu nina hakika kwamba ulipakua toleo la prosesa mpya (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta). Stockfish hutolewa katika matoleo kadhaa kulingana na uwezo wa prosesa, na ukiweka lenye maandishi AVX2 kwenye mashine ya zamani, litajifunga papo hapo bila maelezo. Rudi kwenye ukurasa wao, uchague toleo la prosesa za zamani. Litakuwa la polepole zaidi, lakini upolepole huo hautauhisi hata siku moja, kwa sababu bado litakuwa juu ya binadamu wote.

Jambo jingine la kukupunguzia gharama: pakua mara moja, weka kwenye flashi, sambaza kwenye kompyuta zote na hata uwape wanafunzi waende nayo nyumbani. Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa. Kazi hii ilianza mwaka 2008, pale Mwitalia Marco Costalba alipoichukua programu ya Glaurung, iliyoandikwa na Tord Romstad wa Norwei, na kuiendeleza. Ndiyo sababu ikapewa jina la samaki mkavu wa Norwei ambaye Waitalia humpika. Tangu hapo imekuzwa na watu wengi wanaojitolea, na mpaka leo hakuna anayetozwa senti.

Farasi wa f3

Mwalimu, Fundi amemaliza suala la kuweka programu. Mimi niseme juu ya lile la pili, kwa sababu nilipita njia hiyohiyo miaka kadhaa na nilipoteza muda mwingi kabla sijaelewa kasoro iko wapi.

Mashine iliyoshushwa kiwango haichezi kama mwanafunzi. Inacheza kama bingwa ambaye kila baada ya muda analazimishwa kukosea, na kosa lenyewe halina sababu ambayo binadamu angekuwa nayo. Kwa hiyo ukiishinda hujajifunza kuadhibu makosa ambayo wenzako hufanya kweli. Watafiti waliliona hilo, na mwaka 2020 wakatoa Maia, injini ya bure iliyofunzwa kwa michezo ya watu wa kawaida kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji mtandaoni, ikiwa na matoleo tisa ya kuanzia alama 1100 hadi 1900 za kiwango cha mchezaji. Maia haitafuti hatua bora. Hukisia hatua ambayo mtu wa kiwango hicho angeicheza, hata kama ni mbovu. Ukicheza na ile ya 1100 utaona makosa ya wanafunzi wako waziwazi.

Sasa nije kwenye lile swali la "kwa nini", ambalo ndilo kiini. Namba haitajibu swali hilo. Kwa Stockfish za sasa, +1.00 haimaanishi hata kuwa na askari mmoja wa ziada. Tangu toleo la 15.1 imepimwa upya ili iwe na maana kwamba upande huo una nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, na hiyo ni pale injini inapocheza na injini mwenzake. Mtoto wa Kidato cha Pili afanye nini na habari hiyo? Aiache namba, aichezee mashine ile hatua mbaya, kisha aendelee kucheza alichokuwa amekitarajia mpaka mashine imwonyeshe kosa liko wapi.

Nitoe mfano unaoweza kuuweka ubaoni leo (herufi na namba, kama e4, ni jina la mraba: herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo). Nyeupe anafungua kwa askari e4, Mweusi e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, na hapo Mweusi anamrusha farasi wake d4. Askari wa e5 amebaki bila mlinzi, na kila mwanafunzi atataka kumla kwa farasi. Akimla, mashine itaonyesha namba inayoegemea kwa Mweusi, lakini darasa halitaamini, kwa kuwa askari ameliwa bure. Basi mle. Mweusi anamleta malkia g5, akimtishia farasi wa e5 na askari wa g2 kwa pamoja. Mwanafunzi atafurahi zaidi, kwa sababu farasi wake akimla askari wa f7 atakuwa amemshika malkia na ngome kwa mpigo. Mwache amle. Malkia anamla askari wa g2. Ngome inakimbilia f1. Malkia anamla askari wa e4 na kumshambulia mfalme. Askofu anarudi e2 kumkinga. Farasi wa d4 anaruka f3, na mfalme amefungwa. Askofu wa e2 hawezi kumla farasi huyo kwa sababu akiondoka tu, malkia wa e4 anamwona mfalme.

Baada ya hapo rudisha ubao nyuma, uwaulize Nyeupe angefanya nini badala ya kumla yule askari. Wengine watasema amle farasi wa d4 kwa farasi wake, na wakiijaribu mbele ya mashine wataona kwamba Nyeupe anabaki salama na mwenye nafasi nzuri. Hapo "kwa nini" imejibiwa na macho yao wenyewe.

Ombi langu moja tu: mchezo ukiisha, injini izimwe kwanza. Kila mmoja aandike kwa kalamu mahali anapodhani mchezo uliharibika na angecheza nini badala yake. Ndipo muiwashe mlinganishe. Ukiiwasha mapema, akili inalala, nami nimeliona hilo kwangu mwenyewe.

Mama wa Kete

Mwalimu wangu, nikuongezee zoezi la mwisho wa mchezo, maana hapo mashine ni mwalimu ambaye hana mfano: hakosei na hachoki.

Weka mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7, basi, hakuna kete nyingine. Ni zamu ya Nyeupe. Mwanafunzi ashike Mweusi, Stockfish ishike Nyeupe, na kazi yake ni kupata sare. Mashine itampeleka mfalme wake, tuseme, d5; yeye asogee d7 wakabiliane uso kwa uso. Askari akisonga e5, mfalme arudi e7. Askari akisonga e6, hapo ndipo penye mtihani: lazima mfalme arudi nyuma moja kwa moja, e8. Nyeupe akija d6, yeye aende d8. Askari akifika e7 na kumshambulia, arudi e8. Na Nyeupe akisogea e6 kumlinda askari, mfalme mweusi hana pa kwenda wala hajashambuliwa, ni sare. Lakini kama pale kwenye mtihani angekwenda d8 au f8, Nyeupe angesogea d6 na askari angekuwa malkia. Tofauti ni mraba mmoja. Warudie mpaka mikono ielewe, kisha wageuze: zamu iwe ya Mweusi, wao washike Nyeupe, na sasa washinde.

Mkipata bando, tumieni Lichess. Ilianzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, haina matangazo wala sehemu ya kulipia, na ina mafumbo mengi mno yaliyotokana na michezo ya kweli. Ila wanafunzi waelezwe tangu siku ya kwanza kwamba kuiuliza injini wakati unacheza na mtu ni wizi, na akaunti huadhibiwa.

Mwalimu wa Bweni

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili kuwashukuru. Toleo la prosesa za zamani limefunguka kwenye kompyuta ile iliyokataa, na Lucas Chess sasa imo kwenye zote tatu.

Ule mfano wa farasi wa d4 niliuweka Ijumaa. Wote 14 walitaka kumla askari wa e5, na farasi alipotua f3 palikuwa kimya kwa muda, kisha wakaanza kubishana kuhusu askofu wa e2 mpaka kengele ikalia. Katika zoezi la Mama wa Kete, binti mmoja alirudi d8 mara tatu mfululizo. Mara ya nne mkono wake ulikuwa umeshaelekea d8, akausimamisha, akaweka e8. Ni yeye aliyeniuliza swali ninaloleta sasa: je, kama askari angekuwa e3 badala ya e4, na wafalme wako palepale, ingekuwa sare vilevile?

Mama wa Kete

Swali zuri sana, mpe hongera zangu. Hapana, hapo Nyeupe anashinda hata ikiwa zamu ni yake, kwa sababu ana hatua moja ya akiba: anasogeza askari kutoka e3 hadi e4, wafalme wanabaki wakitazamana, na sasa ni Mweusi anayelazimika kuondoka njiani. Lakini usimsomee jibu hili bado. Mwekee nafasi hiyo, ashike Nyeupe dhidi ya mashine, aitafute hiyo hatua mwenyewe.