Naombeni ushauri: timu ya mtaani ina haja ya kocha wa warefu peke yao?

Katibu_wa_Kijenge
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa timu ya kikapu ya wanaume hapa Arusha, upande wa Kijenge, na ndo napanga mazoezi nikisaidiana na kocha wetu ambae enzi zake alikuwa pointi gadi, yani yule mchezaji wa kupandisha mpira. Tuko wachezaji 14, tunapiga tizi jumanne, alhamisi na jumamosi jioni kwenye uwanja wa saruji wa kuazima, mipira tunayo mitano na mmoja umeshaota upara.

Tuna warefu wawili. Mmoja ana sentimita 203, miaka 19, kikapu ameanza mwaka jana tu, shuleni alikuwa anacheza voliboli. Mwingine ana 198, mwili anao, ila kila gemu robo ya tatu haijaisha ameshatoka na faulo tano. Kocha mwenyewe anakiri hapo hana ujuzi, anaweza kukufundisha kuvusha mpira watu wawili wamekubana lakini mrefu akipokea mpira chini ya goli mgongo ukiwa umeelekea ringi basi anachomwambia ni "geuka ufunge", kijana anageuka, ananyang'anywa. Juzi kati tulienda Moshi kwa mechi ya kirafiki tukafungwa kwa tofauti ya pointi 19, na ribaundi, ile mipira inayorudi ikikosa ringi, wametuchukulia vijana wafupi kuliko wa kwetu, iliniuma kiasi kwamba tunafika Usa River sijaongea na mtu.

Sasa kuna mzee mmoja yuko Moshi, alicheza senta zamani, yani mrefu wa chini ya ringi, yuko tayari kuja kila jumamosi, anataka nauli, chakula na elfu 30. Hiyo kwa mwezi ni laki na ishirini kabla ya nauli. Mchango wetu ni elfu 10 kwa kichwa, yani 140,000 yote. Magadi wameshaanza kulalamika kwamba hela ya watu 14 itaishia kwa watu wawili. Mimi moyo wangu unataka aje ila sitaki kuvunja timu. Mnanishaurije?

Bandama
Mlete mkuu. Kwenye mpira wa miguu kocha wa makipa hakuna anaehoji, na kipa ni mmoja tu uwanjani. Lakers wa NBA, ile ligi ya Marekani, mwaka 2005 walimchukua senta Andrew Bynum akiwa na miaka 17, wakamwita senta wao wa zamani Kareem Abdul-Jabbar amfundishe. Orlando nao 2007 walimuweka Patrick Ewing, senta wa zamani, benchi la ufundi akawa na senta wao Dwight Howard, 2009 wakafika fainali. Mtu aliyeishi pale ndani anaona vitu ambavyo gadi havioni.

Gadi wa Sakina
Bandama hao wana hela kaka, usimpoteze katibu. Mimi napinga, na si kwa wivu wa magadi. Sisi huku tunacheza sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hakuna ile sekunde tatu ya NBA inayomkataza mlinzi asiye na mtu wa kumkaba kuganda chini ya ringi, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi mpaka achoke mwenyewe. Kwahiyo ukimpa mrefu wako mpira pale chini anakutana na msitu wa mikono, hata angekuwa fundi namna gani. Mrefu wetu sisi kazi yake ni kuweka skrini (kusimama kumzibia njia mlinzi ili mwenzako apite), kuzuia na kuchukua ribaundi, na hivyo vitu mnafanya timu nzima. Hiyo hela nunueni mipira miwili mizuri. Alafu muulize kocha wako, magadi wanampa mpira huyo dogo kwa wakati au wanampa akiwa ameshasukumwa mpaka nje?

Mama_Ribaundi (Moshi)
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Mimi nafundisha mabinti hapa Moshi, nisiseme timu. Gadi wa Sakina kaongea kweli kuhusu pasi, ila kwenye ribaundi na skrini hapo ndo nitamkatalia, maana hivyo vyote ni miguu, na miguu ya mtu wa mita mbili haifundishwi kama ya gadi. Mtoto akirefuka haraka anakuwa hajui mwili wake unaishia wapi. George Mikan, senta maarufu wa zamani Marekani, alipofika chuo cha DePaul miaka ya 1940 alikuwa mzito na hana mpangilio, kocha wake Ray Meyer akamrusha kamba, akampeleka mpaka kujifunza kudansi. Lile zoezi la kusimama chini ya ringi unafunga kulia, unadaka kabla haujadondoka, unafunga kushoto, bila kushusha mpira chini ya kidevu, linaitwa kwa jina lake mpaka leo, na linataka mpira mmoja tu, hata huo wenye upara. Kocha Pete Newell nae 1976 alianzisha kambi ya warefu wa NBA, watu wanaolipwa mamilioni, na alichokuwa anawafundisha ni kuweka mguu.

Kwahiyo mzee aje, ila asiwachukue hao wawili pembeni ya uwanja kama wagonjwa. Aje na magadi wawepo, wao watoe pasi, warefu wapokee, kila mtu ajifunze mwenzake anautaka mpira mkono gani. Na kocha wenu asimame hapohapo kila dakika, maana baada ya miezi miwili mzee akiondoka elimu ibaki kwenu. Huyo wa voliboli msimkatie tamaa kabisa, Joel Embiid, senta wa NBA, nae kule Kamerun alikuwa voliboli kabla ya kikapu, kuruka kwa wakati anakujua tayari.

Kobe_wa_Njiro
Wa faulo tano mwambieni aache kuupiga mpira mkononi mwa anaefunga. Anyooshe mikono juu aruke wima, hewa ya juu yake ni yake kisheria, anaemgonga ndo mwenye kosa. Sisi wiki tatu tu mtu wetu kapona.

Mrefu Mstaafu
Mimi nina sentimita 200, nimeacha kikapu na miaka 23. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha namna ya kutua, nilikuwa nashuka magoti yamenyooka, mguu mmoja, kwenye saruji kama hiyo yako katibu. Leo ngazi napanda nimeshika ukuta. Ningepata mzee wa hivyo hata mara moja kwa mwezi ningemlipia mwenyewe. Tafadhali usisubiri.

Katibu_wa_Kijenge
Nimewasoma wote, na Mrefu Mstaafu pole sana kaka, nimeisoma yako mara mbili kisha nikampigia mzee. Tumeelewana jumamosi mbili kwa mwezi badala ya nne, kwa miezi miwili, hivyo hela ya mpira mmoja inabaki. Magadi nimewaambia mazoezi ni ya wote, wawili wamekubali, mmoja bado ananuna ila atakuja. Mzee kaniuliza kitu kimoja tu, kama tuna kamba za kuruka. Nikitoka kazini leo napita sokoni Kilombero nitafute tatu.